Nyumba ya Kungojea, Ng'ambo ya Mto

Mimi ni mtu wa hasira za karibu. Mama husema nilizaliwa nimekunja uso, mkunga akadhani amenikosea kitu. Basi mtu akinisikia nasema kwamba kuna mwaka nilicheka hapa Dubai mpaka mbavu zikauma, ajue hiyo si kawaida yangu, na anipe nafasi nieleze.

Nafanya kazi kwenye dobi kubwa kule Dubai Investments Park. Si dobi la mtu na pasi yake. Ni ghala zima la mashine, tunafua mashuka na taulo za mahoteli kwa zamu, na kelele zake zinatulazimisha kuongea kwa mikono. Malazi yangu yako Discovery Gardens, chumba cha wanawake wanne, vitanda vya deka. Juu yangu analala Mkenya mmoja, mpokea wageni wa hoteli, mwanamke mchangamfu anayeamka akiongea. Kabla ya kuja huku aliwahi kufanya kazi kwenye shirika la afya kwao, na hilo ndilo lililotuingiza katika mambo haya.

Kwetu ni Tanzania, kijiji kilicho upande mmoja wa mto wakati kituo cha afya kiko upande wa pili. Kiangazi unavuka umekunja kanga magotini, unafika hata jasho halijakutoka. Masika mto unafura, mtumbwi unafungwa, na mwenye shida anabaki nayo. Mdogo wangu, kitindamimba wetu, alishikwa na uchungu wa mimba yake ya kwanza katikati ya masika. Mtoto hakupona. Mimi niliambiwa kwa simu baada ya maziko, kwa maneno machache: kazi ya Mungu haina makosa, sisi huku hatujambo. Nikauliza maswali mengi, nikajibiwa kwamba hawajambo.

Sasa alikuwa na mimba ya pili, na ukihesabu miezi, uchungu ungemkuta tena katika masika. Hilo lilininyima raha. Nilikuwa nakunja mashuka ya watu huku moyo wangu uko kwenye ule mto.

Akina mama wa kijiji hawakukaa tu. Kikundi chao kilikuwa kimeanza kujenga nyumba ng'ambo ya pili, jirani na kituo cha afya, ili mjamzito avuke mapema maji yakiwa bado madogo, akae hapo angoje siku yake. Wenyewe waliiita Nyumba ya Kungojea. Walifyatua matofali, wakayachoma, wakapandisha kuta mpaka kwenye lenta, juu ya milango. Hapo nguvu zikaisha, mwashi akafungasha vyombo vyake, na kuta zikabaki zinaota majani. Nilikuwa na picha yake kwenye simu. Nilipokuwa nikimwonyesha mtu, nilikuwa naona aibu kana kwamba mimi ndiye niliyeiacha bila paa.

Mtu niliyemwonyesha zaidi ni Bi Mkubwa. Huyu ni mama wa Kizanzibari aliyeolewa hapa tangu enzi ambazo, kwa maneno yake, huku kulikuwa na mchanga na heshima. Mume wake ametangulia mbele ya haki. Yeye kabaki na nyumba karibu na Bandari ya Hamriya na sufuria kubwa, na Jumapili hupenda kutulisha wanawake wa Afrika Mashariki tulio off. Ukifika kwake umenuna, hakuulizi una nini. Anakuwekea sahani.

Jumapili moja alitupa habari kwamba mkwewe ameona tangazo: kuna mfuko wa misaada hapa hapa mjini unatoa ruzuku kwa miradi midogo ya afya ya mama na mtoto, ile inayoendeshwa na wanajamii wenyewe. Mkenya aliacha kutafuna.

"Sis, hii grant ni yetu," akaniambia. "We tulia tu."

Sikutulia hata kidogo. Aliandika andiko la mradi akiwa kitandani kwake juu, miguu yake ikining'inia mbele ya uso wangu, na maswali yakinishukia moja baada ya jingine. Walengwa ni nani? Nikamwambia mdogo wangu na wenziwe. "Siwezi andika 'mdogo wangu na wenziwe', aki." Mradi utakuwa endelevu kwa namna gani? Nikamuuliza kwani wanawake wataacha kuzaa lini. Alicheka mpaka kitanda kikayumba, na nadhani aliliandika hilo hilo kwa Kiingereza kirefu.

Jibu lilikuja. Mfuko umevutiwa, lakini kabla ya kuamua, afisa wao angependa kukutana na sisi, na kuongea kwa video na akina mama wenyewe wa kijijini. Bi Mkubwa akasema mkutano utafanyika sebuleni kwake na nani anabisha. Hakuna aliyebisha.

Mgeni njoo, mwenyeji apone, ndivyo tulivyolelewa. Bi Mkubwa alipika pilau, akakaanga sambusa, akatoa vikombe vya kahawa vya harusi yake. Kijijini nako, kumbe walifanya hivyo hivyo. Walifagia baraza la ofisi ya kijiji, wakawaogesha watoto wakawapaka mafuta, wakavaa vitenge vilivyokuwa vimehifadhiwa kwa ajili ya sikukuu. Walitunga hata wimbo wa kumkaribisha mgeni.

Afisa mwenyewe alikuwa mama wa Kilebanoni, wa makamo, mpole, miwani imening'inia kifuani. Alikula vizuri, jambo lililomfurahisha Bi Mkubwa, kisha akafungua kompyuta yake mezani na kupiga ile simu ya video. Mwenyekiti wa kikundi alikuwa ameshika simu upande wa pili, na nyuma yake wakatokea akina mama wote, wamependeza utadhani wanamsindikiza bibi harusi. Mdogo wangu alikuwa mbele, tumbo limeanza kujitokeza. Niliwaonea fahari mpaka machozi yakanilenga.

Wimbo ulipokwisha, mama wa mfuko akaanza kuuliza, Mkenya akitafsiri. Akina mama, hali zenu?

"Hatujambo!" wote kwa pamoja.

Afya zenu je?

"Nzuri, tunamshukuru Mungu."

Kuna matatizo yoyote wakati wa kujifungua?

Mwenyekiti akatabasamu. "Changamoto ndogo ndogo hazikosi, lakini tunaendelea vizuri."

Mama wa mfuko aliandika kidogo. Akauliza kuhusu mto. Mto upo, wakasema. Akauliza kuhusu watoto. Watoto wazima. Mkenya alianza kutokwa na jasho kwenye kiyoyozi. Alinigeukia akaninong'oneza, "Hawa wamama wako wananimaliza. Kama hawana shida, sisi tunaomba paa la nini?"

Nilijua kinachotokea, na kila mtu wa kwetu angejua. Huwezi kumtupia mgeni shida zako usoni kabla hata hajapoa. Kwetu mtu anaweza kuja kukuletea habari za msiba, na bado ukimuuliza za huko atakwambia nzuri, atakaa, atakunywa maji, utamuuliza za mashamba na za wazee, ndipo atakapokwambia kilichomleta. Mgeni wetu alikuwa ameuliza mlangoni na kuandika majibu ya mlangoni.

Kisha akamwona mdogo wangu. Akamuuliza kama hiyo ni mimba ya kwanza.

"Ya pili," mdogo wangu akajibu.

Na mtoto wa kwanza anaendeleaje?

Mdogo wangu aliinamisha uso kidogo, akatabasamu, akasema, "Tunamshukuru Mungu."

Mkenya alifungua mdomo kutafsiri. Hakuwa anajua habari za yule mtoto, sikuwahi kumsimulia. "He's fine, thank God," akasema, na mama wa mfuko akaitikia kwa kichwa kwa furaha na kuandika.

Damu ilinipanda. Nilitaka kupiga kelele kwenye ile kompyuta, nimwambie mdogo wangu kwamba mficha uchi hazai, aseme, aseme hapo hapo, kwa sababu huyu mama akifunga kitabu chake na kuondoka, masika yatamkuta yule yule upande ule ule. Nilikuwa nimeshasimama. Bi Mkubwa akanifinya paja kwa vidole vyake vilivyozoea kukanda unga, nikakaa.

"Wewe mwana una haraka," alisema taratibu. "Hebu niachie mie."

Akamgeukia mgeni, akaongea naye Kiarabu. Kiarabu changu mimi ni cha kazini, yalla na khalas, lakini yale maongezi yalikuwa mepesi, niliyafuata.

Alimuuliza kama mama yake mzazi yuko hai. Yupo, mgeni akasema, huko kwao. Hali yake je? Alhamdulillah, mgeni akasema. Bi Mkubwa akamjazia kahawa, bila haraka, akamsogezea kikombe. Na usiku, analala?

"Halali," mgeni akasema. "Magoti yanamsumbua, sukari inampanda, na ya daktari hataki kuyasikia. Dada yangu kachoka, tunagombana kila siku kwenye simu..." Akajiziba mdomo kwa kiganja. Kisha akaanza kucheka, akavua miwani, akacheka mpaka akafuta macho, na Bi Mkubwa naye akacheka, na Mkenya, ambaye hakuwa ameelewa neno hata moja, akacheka kuliko wote.

"Basi na hawa ndivyo walivyo," Bi Mkubwa alimwambia. "Umewauliza hali, wamekujibu. Hujawauliza kama wanalala."

Mama wa mfuko alifunga kalamu yake akaiweka pembeni. Akavuta kiti karibu na kompyuta. Akaanza upya, safari hii kama mtu wa kwetu: mvua zimeanza? Mahindi mmepanda? Wazee wanaendeleaje? Kila swali lilipata jibu refu na majibu ya nyongeza kutoka nyuma. Mkenya alitafsiri mpaka sauti ikakauka. "Sasa tumefika kwa mbuzi," akaniambia kwa kukata tamaa. Mgeni hakuchoka. Aliuliza hata hao mbuzi.

Halafu maswali yakaisha na akina mama kwenye kioo wakatulia kama picha. Nikadhani mtandao umekatika. Kumbe walikuwa wanatazamana.

"Mgeni," mdogo wangu akasema, "umetuuliza habari za watoto. Mimi wa kwanza sinaye."

Akasimulia. Uchungu ulimshika alfajiri. Mama yetu na shangazi walimfikisha mtoni, mwenye mtumbwi akaangalia maji akasema hawezi kuua wote mtumbwini ili kujaribu kuokoa mmoja. Wakakaa pale ukingoni, amefunikwa mwavuli na turubai, wakisubiri maji yapungue. Yalizidi. Na kituo cha afya kinaonekana kutoka pale, alisema. Mvua ilipopungua kidogo aliona muuguzi amesimama mlangoni, amevaa sare, anawatazama naye hana la kufanya. Mtoto alizaliwa pale pale kwenye majani, jioni, akiwa ameshachoka.

Nilikuwa sijui. Muda wote ule nilipokuwa nikipiga simu kuuliza, nilikuwa naambiwa hawajambo, na mimi nikiwajibu kwamba hata mimi sijambo. Nililia sebuleni kwa Bi Mkubwa bila kujificha. Mkenya alitafsiri yote huku akinishika mkono, na pale sauti ilipomwishia, Bi Mkubwa akamalizia kwa Kiarabu.

Baada ya mdogo wangu, bomba likafunguka. Kila mama alikuwa na lake. Mwingine alivuka usiku na mapacha. Mwingine mtoto wake hajapimwa uzito tangu azaliwe kwa sababu siku ya kliniki mto ulikuwa umejaa. Na kwa kuwa ni watu wa kwetu, walipokwisha kutoa machungu yao wakaanza kutaniana, wakamcheka mwenzao aliyeng'ang'ania kuvuka na jogoo wa kumpa muuguzi, jogoo akaokoka yeye akapoteza viatu. Mama wa mfuko alicheka na kulia kwa zamu.

Alipoondoka alibeba pilau ya kula nyumbani, Bi Mkubwa hakumpa nafasi ya kukataa. Mlangoni akatuambia kwamba haamui peke yake, lakini tungoje, inshallah. Mtu aliyeishi huku anajua inshallah ziko za namna nyingi, ya kweli na ya kukufukuza kwa adabu. Njia nzima kwenye basi mimi na Mkenya tulibishana ile ilikuwa ya aina gani.

Ilikuwa ya kweli. Siku jibu lilipofika nilikuwa nimelala baada ya zamu, Mkenya akanivuta mguu mpaka nikadondoka nusu kitandani. "Tumepata! Sis, amka, tumepata!" Tulicheza kati ya vitanda, wenzetu wawili wa chumbani wakaamka wakitukana kwa lugha zao, wakaelezwa, wakaingia mchezoni. Jirani aligonga ukuta. Hatukumjali.

Video zilizokuja wiki zile ndizo zilizonimaliza kwa kicheko. Akina mama wakivuka mto, maji yakiwa chini ya magoti, mabati kichwani, wanaimba. Mwashi amerudi, na sasa anaamrishwa na wanawake ishirini kwa wakati mmoja. Tangi la maji linabingirishwa na watu wanaogombana njia ni ipi. Mwenyekiti amesimama ndani ya nyumba akionyesha dari kwa kidole kama ndiyo kwanza aone dari duniani. Nilikuwa naangalia kwenye basi la kazini, na watu wa basi walianza kuniulizia sehemu inayofuata.

Kilichobaki ni mashuka, na hapo nikasema hapana, mashuka ni mimi. Kazini kwetu shuka la hoteli likichanika kidogo pembeni linakatwa matambara. Nilimfuata supavaiza wetu, Mhindi wa Kerala, mkavu, haongei na mtu ila kuhusu madoa. Nikamweleza kwa Kiingereza changu na mikono yangu yote miwili. Alinisikiliza bila kubadilika uso. Kesho yake nilimkuta stoo anayakagua yale mashuka yaliyotolewa, moja moja, kwenye mwanga. Yenye doa aliyarudisha mashineni.

"Mother cannot sleep on stain," akaniambia, kana kwamba mimi ndiye niliyependekeza.

Mzigo ulipitia Hamriya, kwa mtu anayefahamiana na Bi Mkubwa, na ulifika. Mdogo wangu alivuka mto mapema, mawingu yalipoanza tu kukusanyika, akawa mmoja wa wangojaji wa kwanza. Akaanza kunitumia malalamiko. Hapa hakuna la kufanya. Mwenzake wa kitanda cha pili anakoroma. Wanabishana nani apike, na maharage ya jana yaliungua. Haya mashuka yanateleza, wenzio wanayalaliaje? Nilikuwa nasikiliza malalamiko yake kama mtu anayesikiliza taarabu aipendayo, naomba mengine.

Kisha masika yakaja yenyewe. Mto ukafura, njia ya mtandao nayo ikayumba, na kwa siku kadhaa sikupata neno.

Ujumbe wa sauti uliingia nikiwa kazini, nimesimama kwenye mashine ya kunyooshea. Niliona jina lake, nikabonyeza, nikabandika simu sikioni. Sikusikia chochote. Mashine zilikuwa zinanguruma pande zote, nikaziba sikio la pili, nikajikunja, bado hakuna. Nilichoweza kufikiri ni ule ukingo wa mto. Nikashika meza.

Supavaiza aliniona. Alikuja kwa hatua zake zile za kuja kugomba, akatazama uso wangu, akatazama simu. Hakuuliza. Alikwenda ukutani, kwenye kile kitufe chekundu tunachoruhusiwa kukigusa kukiwa na moto au mtu ameumia, akakibonyeza. Mashine zikapunguza, zikapunguza, zikasimama. Sijawahi kusikia ukimya mahali pale. Watu wote waligeuka, Wanepali, Wafilipino, Waganda wa upande wa taulo, mashuka mikononi.

Nikaongeza sauti mpaka mwisho, nikaicheza tena.

Ilianza na mvua, inapiga juu ya mabati kwa nguvu. Halafu vigelegele. Halafu, karibu kabisa na simu, mtoto mchanga akilia kwa mapafu yake yote, na sauti ya mdogo wangu, imechoka, inacheka: "Dada, ni wa kike. Umesikia? Ni wa kike."

Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa. Mganda mmoja akapiga kigelegele, ghala zima likaitika, kila mtu kwa namna ya kwao. Supavaiza alitazama saa yake, akatazama zile mashine zilizosimama, kisha akaniashiria kwa kidole niicheze tena. Nikaicheza tena, na tukasikiliza wote pamoja mpaka mtoto alipopewa titi akanyamaza.